Sikumgusa Mke Wangu, Lakini Najiogopa

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, nimeoa, na tumejaliwa watoto wawili: binti wa miaka tisa na mtoto wa kiume anayekaribia kutimiza miaka mitatu. Ninakuandikia kwa sababu ninafikiria kuhama nyumbani kwangu. Si kwamba nimeacha kumpenda mke wangu, wala hakuna mtu mwingine kati yetu. Ni kwamba nimeanza kuamini kuwa yeye na watoto hawako salama wakiishi na mimi.

Nilikulia katika nyumba ambamo baba alimpiga mama. Hakuwa mlevi, majirani walimheshimu, na kazini kwake alisifiwa kuwa mtu mtulivu asiyebishana na wakubwa. Ninachokikumbuka kuliko vipigo vyenyewe ni namna alivyojiandaa: alifunga madirisha kwanza, moja baada ya jingine, akatuamuru sisi watoto tuingie chumbani, na hapo ndipo tulipoanza kumsikia mama. Nilipokuwa kijana nilijiapia kwamba hasira haitapata nafasi maishani mwangu, na kwamba hakuna mtu atakayeniogopa kama tulivyomwogopa baba.

Kiapo hicho nimekishika kwa nguvu zangu zote. Kazini, mwenzangu amewahi kuwasilisha kazi niliyoifanya mimi kana kwamba ni yake, nami nikatabasamu na kumpongeza. Watu wakinikosea, mimi ndiye ninayeomba radhi ili yaishe. Nyumbani, mke wangu akiniudhi, huwa sisemi kitu. Hujifungia ndani ya nafsi yangu nikangoja mpaka moyo utulie, na kungoja huko kunaweza kuchukua siku kadhaa, pengine wiki. Nimekuwa nikiona kwamba kwa kunyamaza ninamlinda.

Mwezi uliopita niligundua kwamba alikuwa amemkopesha kaka yake fedha tulizoziweka kwa ajili ya ada ya shule ya binti yetu. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alijibu kwamba alijua ningenuna, na hakuwa na nguvu za kuishi na kununa kwangu kwa mara nyingine. Sijui kilichonipata. Nilisimama, nikapaza sauti ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuisikia, nikamwambia amenifanya mjinga, kisha nikaipiga meza kwa kiganja. Glasi ikaanguka na kuvunjika. Sikumgusa wala sikumsogelea, lakini nilimwona akirudi nyuma hatua moja, na nilipogeuka nikamkuta binti yetu amesimama mlangoni.

Tangu usiku ule ninalala chumba kingine na ninazungumza kwa nadra. Nilimwomba radhi mke wangu, naye akanijibu jambo ambalo mpaka leo silielewi: kwamba kelele zile amekwisha kunisamehe, ila kinachomchosha ni kutojua nitaanza lini tena kuzungumza naye. Binti yetu akirudi kutoka shuleni humuuliza mama yake kwanza kama baba yuko sawa leo. Na huyu mdogo huuma na kusukuma wenzake akinyang'anywa kitu, hata watu wanatania kwamba amemrithi babu yake. Mimi sioni utani hapo. Naiona damu ile ile ikipita kwangu kwenda kwake.

Nimewaeleza watu wawili. Rafiki yangu amenishauri ninunue gunia la mazoezi, nilipige kila ninapokasirika ili hasira itoke. Kaka yangu mkubwa amenicheka, akasema mwanamume asiyeogopwa nyumbani kwake haheshimiwi. Katika mashauri hayo mawili hakuna lililonipa amani.

Nieleze, Mshauri: nilichokifanya ni ukatili? Ukatili unarithiwa? Na je, si heri niondoke mapema, kabla sijamfanyia mtu jambo lisiloweza kurudishwa?

Anayejiogopa

Mshauri anajibu

Ndugu yangu Anayejiogopa,

Umeniuliza maswali matatu, na nyuma ya yote matatu nasikia moja: kama mwana wa mtu aliyepiga anaweza kuaminiwa na watu anaowapenda. Nikikuelewa sawasawa, tangu ujanani umeishi kwa imani kwamba hasira ndiyo iliyoiharibu nyumba ya wazazi wako, na kwamba ukiizuia hasira utakuwa umeuzuia na ukatili. Imani hiyo imekubeba kwa miaka mingi. Usiku ule hasira ilitoka, na kwa kuwa kwako hasira na ukatili ni kitu kimoja, ukahitimisha kwamba ukatili nao umetoka. Ndiyo maana unafikiria kufunga mizigo.

Kabla hujafika huko, naomba turudi kwa baba yako, kwa sababu umeandika jambo juu yake ambalo nadhani hujalitazama kwa muda wa kutosha. Sikumjua, na siwezi kudai kuyajua yaliyokuwa moyoni mwake. Lakini mtu aliyezidiwa na hasira hakumbuki kufunga madirisha, wala hapangi nani aondoke na nani abaki. Kwa maelezo yako mwenyewe, baba yako aliweza kujizuia mbele ya wakubwa wake kazini mwaka baada ya mwaka; aliwaza majirani watasikia nini; kisha akachagua mahali, wakati, na mtu asiyeweza kumrudishia. Huenda hasira ilikuwapo. Ila siamini kwamba tatizo lake lilikuwa kushindwa kujizuia, maana uwezo wa kujizuia alikuwa nao, na aliutumia pale alipoona unamfaa. Wewe umetumia ujana wako wote kupigana na hasira, na yawezekana kabisa kwamba hasira siyo iliyomtesa mama yako.

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana kikamilifu juu ya maana ya ukali wa binadamu. Wanasaikolojia wengi huita ukali tendo lolote linalokusudiwa kumuumiza mtu ambaye hataki kuumizwa, liwe la neno, la kumtenga au la mkono. Wengine wamelitazama jambo hili kwa upana zaidi. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza aliyechunguza pia nafsi za watoto hao, aliona kwamba nguvu ya ukali huonekana tangu uchanga ikiwa sehemu ya uhai wenyewe, na kwamba mtoto anayerusha mateke na kung'ang'ania huwa anaufikia ulimwengu, wala hauchukii. Mimi naegemea upande wake, kwa sababu bila nguvu ya namna hiyo sioni mtu angewezaje kukataa anachoonewa, kumlinda mtoto wake, au kumwambia mwenzake kazini, "Kazi hii niliifanya mimi."

Ukatili ni jambo jingine. Kila ukatili una ukali ndani yake, lakini sehemu kubwa ya ukali haifiki kwenye ukatili na wala haielekei huko. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake kuhusu ukatili na afya, lilieleza ukatili kuwa ni matumizi ya makusudi ya nguvu za mwili au mamlaka, kwa vitisho au kwa vitendo, dhidi ya nafsi ya mtu mwenyewe, mtu mwingine au kundi la watu, yanayoleta au yanayoelekea sana kuleta jeraha, kifo, madhara ya kisaikolojia, kudumaa kwa makuzi au kunyimwa mahitaji. Yasome tena maelezo hayo taratibu. Hasira haikutajwa popote. Yaliyotajwa ni makusudi, nguvu na mamlaka juu ya mwingine, na yale yanayompata huyo mwingine. Mtu anaweza kukasirika kupita kiasi asimtendee yeyote ukatili, na mwingine akawatesa walio chini yake huku akiwa mtulivu kabisa. Lakini naomba uone pia kwamba vitisho vimetajwa, na madhara ya kisaikolojia yametajwa. Nitarudi hapo, kwa kuwa sehemu hiyo inakuhusu.

Tofauti ninayoizungumzia ina mizizi hata mwilini. Walter Hess, mtafiti wa Uswisi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1949, alionyesha kwamba paka aliyetulia, akichochewa kwa umeme mahali fulani ndani kabisa ya ubongo, hubadilika ghafla: manyoya humsimama, hutoa sauti ya kutisha, na hushambulia. Watafiti waliomfuata wakabaini namna ya pili, ambayo paka hunyata kimya kulielekea windo lake bila dalili yoyote ya hasira, na wakaona kwamba namna hizo mbili hupitia njia tofauti za ubongo. Binadamu si paka, na matendo yetu hayagawanyiki kirahisi hivyo. Hata hivyo, wanaochunguza tabia za watu nao hutenganisha ukali unaolipuka mtu anapochokozwa au kuogopa na ukali unaopangwa ili kupata kitu au kumtawala mtu. Ulichokifanya wewe kinafanana na ule wa kwanza; alichokifanya baba yako, kwa jinsi ulivyokisimulia, kinakaribiana zaidi na ule wa pili. Sisemi hivyo ili kukuondolea lawama, maana ukali unaolipuka nao umewahi kuua. Nasema tu kwamba maradhi yakiwa mawili, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya moja haitatibu jingine, na dawa yako ya kunyamaza ulijitengenezea kwa ajili ya maradhi ya mtu mwingine.

Kuhusu damu, sina mengi. Mwaka 1986 wanasayansi wa nchi mbalimbali walikutana Sevilla, Hispania, wakaandika tamko ambalo UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ililipitisha mwaka 1989, na ndani yake walisema si sahihi kisayansi kudai kwamba vita au tabia nyingine ya ukatili imepangwa katika maumbile yetu ya kurithi. Urithi una sehemu yake katika jinsi mtu anavyowaka, upesi au polepole, na hakuna haja ya kulikana hilo. Kukulia penye vipigo nako huongeza uwezekano wa mtu kupiga au kupigwa baadaye. Lakini uwezekano si hukumu, na watoto wengi wa waliopiga hawakuja kupiga.

Mwanao mdogo mwachie umri wake. Richard Tremblay na wenzake, waliofuatilia makuzi ya watoto wengi nchini Kanada, walionyesha kwamba kuuma, kusukuma na kupiga huwa kwingi zaidi kati ya umri wa miaka miwili na minne kuliko wakati mwingine wowote wa maisha, kisha hupungua kadiri mtoto anavyopata maneno na kujifunza kusubiri. Yaani mtoto hahitaji kufundishwa kupiga. Anachofundishwa ni kuacha, na hufundishwa na watu walio karibu naye. Anachokihitaji mwanao ni mkono unaomzuia bila kumuumiza na sauti inayompa maneno asiyokuwa nayo: "Umekasirika kwa sababu amechukua chako. Hatuumi. Mwambie akurudishie." Na ninakuomba uwakataze watu utani huo wa babu, maana mtoto anausikia, na wewe unausikia kwa niaba yake.

Nawe hujawahi kupewa maneno hayo. Kwa baba ulijifunza kwamba hasira hupiga. Wewe mwenyewe ukajifundisha kwamba hasira hunyamaza. Kati ya hayo mawili kuna jambo kubwa ambalo hakuna aliyekuonyesha nyumbani mwenu, nalo ni kukasirika na kusema, kwa sauti ya kawaida, ukiwa bado unamtazama mwenzako na yeye akiwa bado ana nafasi ya kukujibu.

Sasa tuje kwenye meza. Umeniuliza kama ni ukatili, na sitakujibu ndiyo wala hapana, kwa sababu nusu ya jibu iko kwa mke wako. Kuna meza inayopigwa na mtu aliyeishiwa maneno, ambaye baada ya kuipiga hushtuka kama wengine walivyoshtuka. Kuna pia meza inayopigwa ili mwingine anyamaze, ajue kwamba pigo linalofuata laweza kumfikia yeye, na hiyo ni kitisho hata kama hakuna aliyeguswa. Ukizitazama kwa nje, meza hizo mbili zinafanana. Hutofautishwa na yaliyotangulia, na yaliyofuata, na kama yule mwingine bado ana uhuru wa kukupinga kesho yake. Uliandika "sikumgusa" kana kwamba mpaka wote uko hapo, kisha katika sentensi ile ile ukaandika kwamba alirudi nyuma hatua moja. Naona moyo wako unajua kwamba hatua ile nayo ina uzito. Jiulize ulihisi nini ulipoiona: ilikuwa aibu, au ulihisi nafuu kwamba hatimaye amenyamaza? Huna haja ya kunijibu mimi, lakini jibu lake litakusaidia kujua unachopaswa kukifanyia kazi.

Hata hivyo, ndugu yangu, katika barua yako kuna jambo linalonitia wasiwasi kuliko meza, nalo ni ukimya. Kukopesha akiba ya familia bila kukushirikisha kulikuwa kosa, na una haki ya kukasirishwa nalo. Sitaki jambo hilo lipotee katikati ya kujilaumu kwako, kwa sababu bado halijazungumzwa, na fedha za ada bado hazipo. Lakini tazama sababu aliyoitoa mke wako. Alificha kwa kuwa aliogopa kununa kwako. Kisha, baada ya meza, akakwambia waziwazi kwamba kelele zimepita ila kutojua lini utazungumza kunamchosha, na wewe umeandika kwamba humwelewi. Nadhani amesema kweli kabisa, kama alivyoiona yeye.

James Gross na watafiti wenzake nchini Marekani wamechunguza kinachotokea mtu anapoificha hisia yake isionekane. Hisia mbaya yenyewe haipungui, na mwili huendelea kuhangaika ndani kwa ndani. Na katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003, hata yule aliyekuwa akizungumza na mtu anayeficha alipandwa na shinikizo la damu. Hivyo uliyedhani unamlinda amekuwa akiibeba hasira yako pamoja nawe, tena bila kuambiwa ni ya nini na itakwisha lini.

Sisemi kwamba kunyamaza kwako ni ukatili. Mtoto aliyelelewa katika hofu hunyamaza kwa sababu kunyamaza ndiyo njia aliyoijua ya kubaki salama, na mwili wake huendelea kuifuata hata akishakuwa baba wa watoto wawili. Ila ukimya wa wiki nzima, unaoanza bila maelezo na kuisha kwa hiari ya mmoja tu, una mamlaka makubwa ndani ya nyumba. Humfanya mwenzako apime kila neno na afiche mambo. Humfanya mtoto aulize hali ya baba kabla hajaweka mkoba wake chini. Umetimiza kiapo cha kutomtesa mtu kwa mikono yako, na nakuheshimu kwa hilo kwa dhati. Lakini kiapo kilikuwa na sehemu ya pili, kwamba hakuna atakayekuogopa, na hiyo haiwezi kutimizwa kwa njia hii.

Mashauri uliyopewa niyaseme kwa ufupi. Kuhusu gunia, mwanasaikolojia Brad Bushman alilijaribu jambo hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, na waliopiga gunia huku wakimfikiria mtu aliyewaudhi walibaki na hasira zaidi, na wakawa wakali zaidi, kuliko waliokaa tu bila kufanya lolote. Mazoezi yana faida zake kwa afya, lakini usiyafanye huku ukimfikiria mke wako. Kaka yako naye alilelewa katika nyumba ile ile, na ninaelewa alikolitoa neno lake. Lakini wewe umekwisha kuonja nyumba ambamo mtu anaficha mambo kwa sababu ya hofu, na hukusema kwamba uliiona kuwa ni heshima.

Tuje basi kwenye kuondoka. Zipo hali ambazo ningekuambia utoke usiku uleule bila kusubiri ushauri wa mtu: ukijikuta unawaza kumuumiza mke wako au watoto, ukimzibia njia asitoke, ukishika kitu cha kumtishia, au yeye akikwambia kwamba anataka uwe mbali. Barua yako haina dalili hizo, ila wewe ndiye unayejifahamu, na ikiwa ipo ambayo hukuiandika, anza na hiyo. Kama haipo, bado kuondoka kwaweza kuwa na faida: mngepata nafasi ya kupumua, na wewe ungeweza kutafuta msaada bila kuhofia kila jioni itaishaje. Hatari yake ninayoiona ni kwamba utakuwa umeamua peke yako, bila kumuuliza mke wako, nini ni usalama kwake. Amekwambia kinachomchosha ni kutokuwapo kwako, na dawa unayompa ni kutokuwapo zaidi. Watoto nao wataona kwamba baba alipiga meza kisha akatoweka, na mtoto wa miaka tisa anaweza kuamini kwamba yeye ndiye chanzo.

Kubaki nako kuna hatari zake, hasa ukibaki kama ulivyokuwa. Usijipe tumaini kwamba kwa kuwa ulishtuka, haitatokea tena. Yaliyojikusanya kwa miaka hutafuta njia, na mara ya pili huenda ikaja kwa urahisi kuliko ya kwanza. Ukibaki, kuna jambo la kufanya, na ningeanza na mazungumzo na mke wako, mchana, watoto wakiwa hawapo, mkiwa hamna ugomvi. Usimuulize, "Nilikuumiza?" kwa namna inayomlazimisha kukutuliza. Mwambie unachofikiria kuhusu kuhama na kwa nini, kisha muulize yeye anahitaji nini ili ajisikie salama, na jinsi alivyojisikia alipoiona meza ikipigwa. Jiandae kusikia jibu lisilokupendeza. Yawezekana aliogopa kuliko alivyokiri, na kusamehe upesi kulikuwa njia yake ya kumaliza jambo. Akisema hivyo, usijitetee, na usirudi kwenye ukimya. Suala la fedha liwe na siku yake nyingine, ili lisionekane kama malipo ya radhi yako.

Kisha kuna kujifunza kukasirika, na hapo ningependa uanze mahali pasipo na hofu kubwa, pengine si nyumbani. Yule mwenzako wa kazini yupo bado. Unaweza kumwambia, kabla ya kazi nyingine kuwasilishwa, kwamba ile ya mwanzo uliifanya wewe na kwamba ulikerwa alipoitoa kama yake. Majaribio ya kwanza huenda yakatoka makali kuliko ulivyokusudia, au hafifu mno, na huenda mwenzako asiyapokee vizuri. Ni sehemu ya kujifunza. Nyumbani, ukihisi moyo unaenda mbio, unaruhusiwa kutoka chumbani, lakini sema unatoka kwa nini na utarudi saa ngapi, kisha urudi saa hiyo, hata kama utakachosema ni kwamba bado umekasirika na unahitaji muda zaidi. Kunyamaza kwa saa moja kukiwa na ahadi ya kurejea hakumwachi mwenzako gizani kama kule kwa zamani.

Ningefurahi pia ukimpata mshauri wa kukutana naye ana kwa ana, anayezifahamu nyumba zenye historia kama yako, kwa sababu yaliyokupata utotoni yanastahili zaidi ya safu ya ushauri. Mkiamua kwenda wawili, mwombe kila mmoja aonane naye peke yake kwanza. Hiyo ni desturi nzuri ya wanaofanya kazi hii, kwa kuwa mtu aliyewahi kuogopa huwa hasemi yote mbele ya aliyemwogopesha, hata kama anampenda.

Nimemwacha binti yako mwisho kwa kuwa yeye hawezi kungoja mpaka wazazi wake wapatane juu ya kila kitu. Mwaka 1961 mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake waliwachunguza watoto 72 wa umri wa chekechea, na wale waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere walimpiga nao kwa namna ile ile, wakatumia hata maneno yale yale. Mtoto hujifunza kwa kuona, na binti yako ameona ukimya mwingi na meza moja; bado hajaona mtu mzima akirudi kuzungumza baada ya kukosea. Unaweza kumwambia leo hii, kwa maneno machache: kwamba ulipaza sauti na kupiga meza, kwamba lilikuwa kosa lako na wala si lake wala la mama, kwamba hukumpiga mama, na kwamba akiogopa anaruhusiwa kukwambia au kumwambia mama. Akikiri kwamba aliogopa, usimweleze kwa nini hakupaswa kuogopa. Msikilize. Kesho yake, akirudi kutoka shuleni, muulize habari za siku yake, hata kama wewe siku hiyo umeudhika, na kama umeudhika mwambie umeudhika na jambo gani, ili asilazimike kukisia.

Wako,
Mshauri